Vidonge Vyeupe vya Ramadhani

Alhamisi, 5 Machi 1992

Mwezi umeonekana, kesho tunafunga. Bi Hija, mama mkwe wangu, kautangaza uani kama vile kauandamisha yeye, kisha kanigeukia mbele ya wapangaji: "Na wewe Munira, mwaka huu jitahidi. Mwaka jana ulikula siku kumi na moja, na tano mpaka leo hujalipa."

Nikamwambia inshallah, mama. Ningesema nini? Saba zilikuwa za hedhi, Mungu mwenyewe kaniruhusu. Nne zilikuwa za tumbo, na huu ni mwaka wa pili tangu hospitali waniingize mpira wakatazama, wakasema utumbo mkubwa una vidonda, ni ugonjwa wa kukaa nao. Wakanipa vidonge vikubwa vya njano. Hapa nyumbani nani anataka kusikia vidonda? Hapa ni chango. Chango linakuja na mwezi, linaniumiza tumbo, chango linanitoa damu, chango limenizuia kuzaa miaka minne ya ndoa. Na kwa kuwa chango lenyewe halisikii mizizi yote niliyochemshiwa, Bi Hija keshamwona binti huko Kisiju wa kumwoza mwanawe. Badru, mume wangu, anasema, "Hayo maneno ya mama, yaache." Hajasema hataki.

Daftari hili ni la michoro ya vitambaa vya makochi ninavyofuma. Kurasa za nyuma nitaandika habari za tumbo langu, maana kulisemea nimechoka.

Jioni kaja Nusaiba, dada yake Badru, na karatasi imekunjwa. Ndani vidonge vyeupe thelathini, vya majira. Yeye anameza tangu mtoto wake wa tatu, asishike mimba nyingine. Mumewe hajui, mama yake ndiyo kabisa.

"Kimoja kila siku ukishafuturu," kaninong'oneza. "Siku zako haziji mpaka Idi. Vile vya kahawia nimevitoa, hivyo ndivyo vinavyoleta siku."

"Si haramu?"

"Wenzio wanaokwenda Makka wanameza, sembuse wewe wa Tandika."

Nikameza cha kwanza mbele yake. Nataka mwaka huu nifunge zote, nimzibe mdomo mama yake.

Ijumaa, 6 Machi

Mfungo wa kwanza. Choo mara saba. Nyumba nzima tuko watu kumi na watatu na choo kimoja cha shimo.

Jumatatu, 9 Machi

Mara tisa, na damu. Ndivyo inavyokuwaga kila mwezi: siku tatu nne kabla ya hedhi tumbo linachachamaa, hedhi ikija tumbo linakuwa mbogo, ikikatika linapoa kidogo. Katika mwezi mzima nina siku kumi tu za kuwa mtu. Hospitali niliwahi kumwambia daktari. Akacheka, akasema nyie wanawake mna mambo mengi, akaita mgonjwa mwingine.

Ijumaa, 13 Machi

Siku yangu ilikuwa jana. Haikuja. Choo mara nne.

Jumatatu, 16 Machi

Mara mbili.

Alhamisi, 19 Machi

Mara moja! Nimekaa nafuma tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kunyanyuka. Anjelina, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, kapita mara ya tatu akanikuta palepale, akaniuliza, "Munira, unaumwa?" Nikacheka mpaka uzi ukanidondoka. Miaka miwili nikikimbia hakuna aliyeuliza. Leo nimetulia ndiyo naumwa.

Sijui ni Ramadhani yenyewe, au kula kidogo, au nini. Sitaki kuuliza. Nikiuliza litasikia, lirudi.

Jumapili, 22 Machi

Bi Hija kaniangalia wakati wa futari, kisha kanimegea kichwa cha samaki changu, kile anachowekewaga Badru. "Kula mwanangu. Leo mfungo wa kumi na saba, na wewe hujaacha hata mmoja."

"Hata mmoja, mama."

"Hata mmoja," karudia, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Basi nikajiona nimeshinda. Mjinga mie.

Ijumaa, 27 Machi

Nyumba hii kila Ramadhani mwanamke akiwa kwenye siku zake anakwenda kula chumbani kwa Anjelina. Yeye Mkristo, anapika mchana. Hakuna anayesema kitu, ila wote tunajua nani kaingia na nani hajaingia. Mie mwaka huu sijaingia. Siku tatu kabla ya kufunga Bi Hija alinikuta na chungu cha mizizi yake, akaniuliza siku zangu lini, nikamwambia tarehe kumi na mbili. Kumi na mbili ikapita, Munira kafunga. Ishirini ikapita, Munira kafunga. Mwanamke wa makamo yale, aliyezaa tisa, atafikiri nini?

Na mie sikufikiri! Mwenzenu nilikuwa nahesabu safari za choo tu.

Jana baada ya tarawehe Bi Hija kawaambia wanawake wenzie msikitini. Nimejua pale mke wa imamu aliponishika mkono akasema, "Hongera, Mungu akukamilishie." Nikadhani ananipongeza kwa funga.

Badru anauza mitumba pale Temeke Sterio. Karudi na mfuko, kaumwaga kitandani: sweta la manjano la mtoto, soksi tatu ambazo hata mbili hazifanani, na kofia ya sufu. Kavitoa kwenye robota lake la leo, kavifua hukohuko sokoni kwa sabuni.

"Mama kaniambia," akasema. "Kwa nini hukuniambia wewe?"

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Badru, ni vidonge. Nikamwangalia alivyoshika kile kikofia kwenye ngumi yake akikigeuzageuza, nikasema, "Bado mapema."

Hilo ndilo nililosema. Sikusema nina mimba. Lakini sikusema sina, na huko kusema bado mapema ni kusema ninayo.

Jumapili, 29 Machi

Bi Hija katuma ujumbe Kisiju: wasubiri kwanza. Kaniambia mwenyewe huku ananipepea. Choo mara moja. Sijawahi kuwa na afya kama hii, wala dhambi kama hii.

Ijumaa, 3 Aprili

Mwezi umeonekana, tumefunga ishirini na tisa. Kidonge cha thelathini nimekimeza leo, cha mwisho. Nimemwendea Nusaiba kuomba vingine, kanishika mdomo kwa kiganja. "Vimeisha kliniki. Na wewe umefanya nini na mama yangu? Anataka nikamnunulie beseni la kuogeshea mtoto!"

Jumamosi, 4 Aprili

Idi. Pilau, wageni, mvua. Nimekatazwa kubeba hata sinia.

Jumanne, 7 Aprili

Nataka niandike sawasawa, maana baadaye nitajidanganya.

Mvua haijakatika tangu Idi. Shimo la choo limejaa, na jirani wa nyuma kafanya yale yao ya kila masika: kafungua choo chake kwenye mvua, kakitapisha, uchafu wote unapita uani kwetu. Tumepanga matofali ya kukanyagia. Jana asubuhi tumbo likaniamsha. Nimekwenda juu ya matofali mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Mara ya saba hedhi nayo ikaja, imelimbikizana, na tumbo linatoa damu yake, sikujua ipi ya wapi. Nilipotoka macho yakaingia kiza, nikaanguka mlangoni mwa choo, kwenye maji yale.

Anjelina akapiga kelele. Bi Hija akaja mbio miguu mitupu, akaitazama kanga yangu, akashika kichwa. "Yalaa! Mjukuu wangu! Mjukuu wangu mie!"

Walinibeba wawili. Bi Hija akaniogesha mwenyewe, na kinyesi kile, na damu ile, hakuziba pua. Nilimwona analia huku ananisugua visigino. Kisha akaikusanya ile kanga na vitambaa, akavifunga ndani ya kanga yake mpya ya Idi, kipande ambacho hakijafuliwa hata mara moja, akachukua jembe. Dirishani nikasikia anachimba nyuma ya jiko, mvua inampiga, na anasoma. Alisoma mpaka akamaliza, akafukia.

Mdomo ulikuwa wangu. Nilikuwa na nguvu ya kusema neno moja. Sikusema.

Badru karudi adhuhuri, kalowa. Kakaa chini, si kitandani, kanishika mguu. "Mungu ndiye mpaji, Munira." Akalia. Miaka minne sijamwona analia, hata babake alipozikwa. Nilitamani anipige.

Ijumaa, 10 Aprili

Mimba ikimharibikia mtu hapa kwetu hulelewa kama mzazi. Ninakandwa na maji ya moto asubuhi na jioni. Nimefungwa mkaja tumboni, unanibana penye vidonda hasa. Na uji wa pilipili manga, bakuli zima, mara mbili kwa siku, "usafishe tumbo." Unasafisha kweli. Choo mara kumi na mbili.

Nikikataa uji lazima niseme sababu. Nakunywa.

Jumanne, 14 Aprili

Mara kumi na nne. Hedhi imekatika, ila tumbo safari hii halijui kama imekatika.

Alhamisi, 16 Aprili

Uji.

Jumanne, 21 Aprili

Nimekonda hata suruali za Badru zingenikaa sasa. Anjelina kasema kwa sauti ya chini, "Dada, mie nimeharibikiwa mimba mbili. Haiwi hivi." Nikamwambia kila mtu na mwili wake. Akaniangalia sana, akaenda zake.

Bi Hija anasema kitu ambacho kinanichoma kuliko pilipili: "Usijali mwanangu. Tumbo lililoshika moja litashika jingine. Kisiju watasubiri." Miaka minne sikupata neno zuri kwake. Sasa ninayapata yote, na yote ni ya mtu mwingine, yule Munira aliyekuwa na mimba.

Jumanne, 28 Aprili

Nusaiba kanichukua kwa nguvu. Kamwambia mama yake ananipeleka kusafishwa kizazi. Tumekwenda kwenye zahanati mpya. Tangu serikali iruhusu madaktari kufungua zao, kila mtaa una kibao. Daktari mwenyewe mwanamke, Rubab, Muhindi wa Kishia, kijana tu, ushungi mweusi mpaka kidevuni, Kiswahili cha Upanga kimenyooka.

Nikampa karatasi za hospitali. Akasoma. "Tumbo linachachamaa lini?"

"Kila wakati."

"Kila wakati hakuna. Lini zaidi?"

Nikaona uvivu wa kueleza. Nikatoa daftari hili mfukoni, nikamfungulia kurasa za nyuma. Akaanza kusoma, nikakumbuka yaliyomo humo kuhusu mama mkwe, nikatamani ardhi ipasuke. Yeye akawa anafuata kwa kidole namba za choo tu. Saba, tisa, nne, mbili, moja, moja. Akasimama pale.

"Machi hapa ulikuwa unatumia nini?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Na nini tena?"

Nusaiba akatazama dari. Nikasema. Nikasema yote, hata kanga ya Bi Hija nyuma ya jiko. Nilipomaliza daktari kanipa kitambaa, hakunihubiria.

Akaniambia mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kwamba wanawake wengi wenye vidonda hivi huzidiwa wakikaribia hedhi, na wakiwa ndani yake. Mwili unatoa kitu kinachousumbua hata utumbo. Kwamba baadhi yao, si wote, wakimeza vya majira mfululizo bila kuacha nafasi ya hedhi, tumbo hutulia. "Baadhi. Sikuahidi. Na havitibu vidonda, vidonda vina dawa yake, ile ya njano, nayo humezi ipasavyo. Nakuongezea nyingine ya miezi miwili. Mguu ukivimba au kifua kikibana, usingoje kesho, njoo. Uji wa pilipili, leo ndiyo mwisho."

"Na mtoto?"

"Tumbo likitulia miezi sita, tunaacha vidonge, unatafuta mtoto. Hilo ndilo tumbo la kubebea mimba. Hili la leo haliwezi kukubeba hata wewe."

"Wao wanasema chango."

"Mama mkwe wako hakukosea yote," kasema. "Kasema linakuja na mwezi, na kweli linakuja na mwezi. Wenzangu walimcheka mgonjwa, yeye aliona. Kakosea dawa tu." Kisha kafunga daftari akanirudishia. "Sihitaji ruhusa ya mumeo kukupa vidonge. Ila hutaweza kuvimeza miezi sita kwa kujificha, na uji unaletewa mlangoni. Mficha uchi hazai, Munira."

Methali hiyo mara ya mwisho niliisikia kwa kungwi wangu. Sikutegemea kuisikia kwa daktari.

Njiani Nusaiba kanishika mkono. "Ukisema, usinitaje."

Jumatatu, 4 Mei

Hedhi. Choo mara kumi. Nimeanza vidonge leo kama alivyosema. Nimevificha ndani ya donge la uzi mweupe. Uji naumwaga kwenye maji ya mvua dirishani.

Nikisema kweli, yule wa Kisiju anakuja. Nisiposema, nitakuwa nameza kwa siri huku wanangoja mimba, na kila mwezi usiokuwa na hedhi Bi Hija atafurahi upya, na kila nitakapoacha vidonge atachimba upya. Nimelipindua kila upande. Nimechoka kulipindua.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Jirani katapisha tena.

Nimetazama dirishani nikamwona Badru nyuma ya jiko na jembe, magoti ndani ya uchafu. Maji ya choo yalikuwa yanaelekea pale mama yake alipozika. Anachimba mfereji kuyazungusha. Kaweka matofali, yamechukuliwa, kaweka mengine. Kavua shati lake akaliziba pengo. Saa nzima. Hakuniita, hakutaka nione.

Siwezi tena.

Jumapili, 10 Mei

Nimemfuata asubuhi kulekule nyuma ya jiko, alikuwa anautazama mfereji wake. Mvua ilikuwa manyunyu.

"Badru, hapo hapana kitu."

"Hapana nini?"

"Hapana mtoto. Hapajawahi kuwa na mtoto. Nilimeza vidonge vya majira nisipate hedhi, nifunge mwezi mzima. Mama akadhani. Na mie nikanyamaza."

Kaliegemeza jembe ukutani polepole, likaanguka, kaliokota, kaliegemeza tena. Nikamweleza yote: vidonda, hedhi, namba za choo, daktari, miezi sita. Nilikuwa nasema haraka haraka kama mtu anayekimbizwa.

"Mie nilimsomea," kasema. "Kila nikitoka alfajiri napita hapa namsomea."

"Najua."

"Ulikuwa unaniona nalia."

"Nilikuwa nakuona."

"Vidonge ningekununulia mie mwenyewe, Munira. Duka la dawa liko hatua tatu kutoka meza yangu. Ungesema tumbo linauma, dawa ni hii, ningekununulia mie. Mama ningemaliza naye mie." Kafuta uso kwa mkono wenye tope. "Sasa nimekuwa mtu gani? Nimelinda vitambaa vya hedhi visipate mavi."

Kaondoka hivyohivyo, na tope lake.

Jumanne, 12 Mei

Hajarudi. Analala sokoni. Bi Hija anadhani analinda mzigo mpya. Choo mara tano.

Alhamisi, 14 Mei

Karudi jioni. Kala, kanawa, kasema akitazama ukuta: "Nimekwenda kwa huyo daktari wako. Nilimuuliza kama unakufa. Kasema hapana."

"Na nini tena?"

"Kasema miezi sita. Kanichorea utumbo kwenye karatasi." Kaitoa mfukoni, imekunjwa mara nane. Kaiweka mezani, hakunipa mkononi. "Mama mwambie wewe. Mie siwezi kumtazama nikimwambia."

Usiku kalala kanipa mgongo. Lakini kalala hapa.

Jumapili, 17 Mei

Nimemwambia. Alikuwa anachagua mchele. Nimekaa chini kabisa, sakafuni, nimeanza na shikamoo ingawa tulishaamkiana asubuhi.

Hakunikatiza. Vidole viliendelea kuchagua, chenga huku, mawe kule, mpaka nilipofika kwenye kanga. Vikasimama.

"Nimeisomea hedhi," akasema. "Nimeizika kwa bismillahi, na kanga yangu."

"Nisamehe mama."

"Nani kakupa?"

Nikainamia ungo.

"Nusaiba huyo," akasema, wala hakuwa anauliza. "Na vitakufunga kizazi."

"Daktari kasema havifungi. Kasema nikipoa ndiyo nitazaa."

"Nimewaambia watu. Mie, Hija binti Salum! Nimesimama msikitini nikawaambia watu, na baadaye nimewaambia imeharibika, wamekuja kunipa pole, wamekula chakula changu. Umenifanya mwongo kwenye nyumba ya Mungu." Kasukuma ungo, mchele ukamwagika. Akaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa.

Niliuokota mchele, punje kwa punje. Nilikuwa na nafasi, tumbo halikuniita.

Jumamosi, 23 Mei

Hanisemeshi. Chakula kikipakuliwa anampa Anjelina aniletee.

Leo nimewasikia yeye na Badru, ukuta wetu mmoja. "Basi mie naenda Kisiju," kasema Bi Hija. Na Badru: "Mama, huyu mmoja tu kanifanya nimlilie mtoto asiyekuwepo. Wakiwa wawili si mtanizika mie?" Sikujua kama nicheke. Sikujua pia kama hilo ni kukataa, au ni uchovu tu. Sisi wote humu tumechoka.

Jumatano, 27 Mei

Choo mara mbili. Bi Hija: hakuna neno.

Jumatatu, 1 Juni

Siku zangu zilikuwa zije leo. Hazikuja, na tumbo halikuchachamaa. Namba hii nimeiandika kwa herufi kubwa: MOJA. Badru kaitazama juu ya bega langu, kaguna. Ni neno lake la kwanza la wiki.

Jua limewaka kutwa, uani kumekauka.

Jumamosi, 6 Juni

Baada ya alasiri Bi Hija kasimama mlangoni kwangu kavaa buibui. "Vaa. Tunatoka."

Nilidhani ananirudisha kwetu. Nimevaa. Tumetoka, tumeingia nyumba ya kwanza, kwa mke wa imamu. Kakaribishwa kiti, kakataa kukaa.

"Nilikuambia mkwe wangu ana mimba," kasema. "Hakuwa nayo. Nilikosea mie. Ana vidonda vya utumbo, anatumia dawa. Neno nililitoa mie, nimekuja kulirudisha mie. Assalam alaykum."

Tukatoka. Nyumba ya pili, maneno yaleyale. Ya tatu, yaleyale. Mie nimesimama nyuma yake kama mtoto aliyeiba embe, nikisikiliza. Hakusema vidonge. Hakusema nimemdanganya. Kila nyumba alisema nilikosea mie, na kila aliposema shingo yake ilizidi kunyooka. Mwanamke mwenye umri wa miaka sitini na tano, goti bovu, nyumba saba.

Nyumba ya saba kuna mama mmoja mwenye mdomo mrefu. "Ala! Sasa Bi Hija, na yule wa Kisiju je? Maana mkwe mwenyewe ndiyo huyo mgonjwa."

"Kisiju tulishawajibu."

"Mmewajibuje?"

"Tumewaambia nyumba yetu ina mke."

Tumerudi polepole. Goti lilikuwa linamsumbua, nikampa bega, akalishika kwa nguvu kuliko alivyohitaji. Mlangoni mwake nikashindwa kujizuia, nikaanza, "Mama, ahsa..."

"Usinishukuru. Sijakusamehe." Kavua kiatu kimoja, kakaa kizingitini kuvua cha pili, hakunitazama. "Kidonge umemeza leo?"

"Bado, mama."

"Basi kameze."